Njia ya Kwenda kwa Nyangi

Shuleni, Tarime
Jumapili, baada ya ibada

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua barua hii anakusomea Chacha. Nawe Chacha, hujambo mdogo wangu? Soma polepole, usiruke maneno kama ulivyoruka barua ya Pasaka. Mama, mgongo unaendeleaje? Yule mbuzi mweupe ameshazaa? Mimi ni mzima, ila nyayo zangu zina malengelenge ambayo ndiyo kwanza yanaanza kukauka.

Uliniagiza jambo moja tu. Uliposikia kwamba skauti wa shule yetu tutatembea kutoka Kisaka hadi Natta, ulisema niangalie kama njia ya kwetu kwa zamani inapitika. Mahindi yakishavunwa utachukua kikapu chako uende kwenye kaburi la Nyangi, awepo wa kukusindikiza au asiwepo. Nimepita, Mama. Mwalimu Anna, anayetusimamia skauti, alinipa kazi ya kuandika taarifa ya njia kati ya kambi na kambi, kwa sababu ya mwandiko wangu. Kwake niliandika: "Kambi ya kwanza hadi ya pili, njia haipitiki kwa urahisi." Akatosheka. Wewe hutatosheka, kwa hiyo nakuandikia yote.

Lori lilitushusha Kisaka asubuhi. Tulikuwa wasichana kumi na wawili, Mwalimu, na mzee mmoja askari wa wanyamapori ambaye wote tulimwita Bwana Nyama. Siku ya kwanza njia ilikuwa nzuri. Watu wanaipita kwenda shamba la kijiji, hata kwenye matope tuliona alama za baiskeli. Jioni tulipiga mahema chini ya mkuyu, tukapika ugali mbichi kidogo, tukaula hivyo hivyo.

Siku ya pili ndiyo iliyokuwa ngumu. Unalikumbuka gogo la kuvukia korongo, pale njia inayotoka kijijini kwenu inapoungana na hii? Halipo. Maji yamelichukua. Tulivua viatu tukavuka tumeshikana mikono, maji yakatufika mapajani. Pale njia panda nilikuwa karibu nawe kuliko nilivyo sasa. Nilimwomba Mwalimu nije nikusalimu tu, akasema hakuna anayeacha msafara. Sikubishana. Nilisimama nikatazama upande wenu mpaka wenzangu walipomaliza kuvaa viatu.

Kutoka hapo nilitangulia mbele, kwa kuwa nilikuwa nimewaambia naijua njia. Na kweli niliijua, ile tuliyoifanya kwa miguu yetu, sisi na ng'ombe wa Baba. Lakini tangu tulipopakiwa kwenye lori kuhamia kijijini hakuna anayeikanyaga, nayo imejifunga. Nyasi zimenipita kichwa. Nilikuwa naitafuta kwa kupapasa na fimbo. Halafu ghafla nyasi zikafunguka, nikaona njia pana, safi, imekanyagwa vizuri, inaelekea kilimani kwetu. Moyo wangu uliruka. Nikapiga kelele, "Watu wamerudi! Njooni, njia hii hapa!" Nikaanza kukimbia.

Bwana Nyama alinikamata begi kwa nyuma.

"Wewe binti, nani amerudi?"

"Watu, mzee. Tazama, imekanyagwa."

"Imekanyagwa na nani? Tazama chini."

Nikainama. Zilikuwa kwato, pana, na mavi mabichi.

"Ng'ombe," nikasema.

"Loo! Binti wa Kikurya hajui kwato za ng'ombe!" Akacheka bila kutoa sauti. "Hao ni mbogo. Njia hii ni yao, wanakwenda kugaagaa kwenye matope. Ungekimbia kidogo tu ungewapigia hodi."

Rafiki yangu Ghati akanong'ona nyuma yangu, "Mwacheni, amekwenda kupokea mahari yake." Wenzangu wakacheka huku wakirudi kinyumenyume.

Mimi sikucheka. Mama, hili nakuambia wewe tu, na Chacha asimwambie mtu. Kwato zile nilizitambua mara ya kwanza nilipoziona. Nilitaka tu ziwe za ng'ombe.

Tulizunguka kwa upande wa majabali, polepole, tukafika kwetu saa sita mchana. Nyumba zimelala chini, udongo umerudi udongoni. Pale palipokuwa zizi la Baba magugu ni marefu na ya kijani kuliko mahali pengine pote. Minyaa ya ua ndiyo bado imesimama, imekuwa miti mikubwa, na minyaa hiyo ndiyo iliyonionyesha Nyangi alipo. Jiwe lako la kusagia, lile ulilomwekea kwa sababu walisema kwenye lori hakuna nafasi ya mawe, nililikuta limelala kwa ubavu. Ngiri wamechimba shimo karibu. Karibu, Mama, si pale pale. Nilifikiri nikufiche hilo, lakini uliniagiza niangalie, na nimeangalia.

Bwana Nyama alivua kofia. Hakuuliza ni nani. Aliuliza, "Alikuwa na miaka mingapi?" Nikamwambia ndugu yangu alikuwa na minne, na kwamba ilikuwa surua. Akachukua panga akaanza kufyeka. Mimi na Ghati tukalijaza lile shimo mawe, kisha tukalisimamisha jiwe lako. Ghati hakutania tena siku ile. Nikampa Nyangi maneno yako kama ulivyoniagiza, kwamba hukumwacha, ulihamishwa. Sikuweza kuyasema kwa sauti kubwa, lakini niliyasema yote.

Sasa nisikilize, Mama. Usiende peke yako. Sikukatazi kwa ajili ya korongo, maana maji huyaogopi, wala kwa ajili ya nyasi. Ni kwa ajili ya ile njia nzuri. Utaifuata. Mimi nimefundishwa kusoma alama za chini, na bado niliifuata.

Bwana Nyama anasema nyasi zikishaungua mbogo husogea kufuata maji, na wakati huo mtu anaona mbali. Anakaa Natta. Amekubali kutupeleka mwenyewe, mimi na wewe, nikija likizo. Na nimekuwekea alama. Kutoka korongoni mpaka kwa Nyangi, kila penye kona nimeweka mawe matatu: kubwa chini, dogo juu yake, na la tatu kando kuonyesha upande wa kupita. Moto utapita, lakini mawe hauyaunguzi.

Nisalimie Baba, umwambie mahali pa zizi lake nimepaona, na siku akitaka kusikia nitamsimulia mwenyewe. Shikamoo nyingi kwa Bibi. Umsalimie pia yule mama jirani anayekufundisha kisomo cha watu wazima. Uliniambia sasa unasoma herufi kubwa bila kusaidiwa. Basi Chacha, ukifika hapa nyamaza, mpe Mama karatasi.

Ni mimi mwanao anayekuwaza,
Bhoke

JIWE LIMESIMAMA.
MAMA, NINGOJE.
TUTAENDA PAMOJA.