Chungu Kisichotaka Kukauka

Jumatatu, 3 Februari 2025

Hili sijamwambia mtu yeyote: mimi ndiye ninayekizuia chungu cha Dani kisikauke. Alfajiri, kabla hajaamka, nachukua kikombe cha maji, nakinyunyizia kwa vidole, nakifunika tena na gunia. Halafu narudi kulala kama mtu asiye na dhambi.

Dani ndivyo tunavyomwita bibi yangu, Adero. Anafinyanga chungu kikubwa cha maji, cha hoteli ya Mama Mumbi kule Nyamasaria. Na sheria yake inajulikana Nyakach nzima: mbele ya chungu kibichi hakuna kugombana. Kikisikia ugomvi, kinapasuka. Kwa hiyo hapa nyumbani ugomvi umefungwa mpaka kichomwe.

Taabu ni Anko Frankline, mdogo wa baba, na mke wake Auntie Benta. Hao hugombana kama wengine wanavyokunywa chai. Juzi Auntie alifungasha begi, akaliweka mlangoni. Akasema kwa sauti ya chini — maana chungu kipo — "Nakiheshimu chungu cha Mama. Lakini siku kitakayotoka motoni, na mimi natoka. Narudi kwetu Bondo."

Auntie Benta ndiye mtu pekee ninayeongea naye bila kutetemeka. Tangu nimalize shule ananisuka, ananiuliza maswali, na anangoja jibu. Watu wengine hawangoji.

Kwa hiyo maji.

Jumanne, 4 Februari 2025

Leo wamegombana kwa kunong'ona. Omena zilizidi chumvi. Anko, huku akikitabasamia chungu, akasema hata paka angeomba maji. Auntie akajibu kwa sauti ya maombi, "Basi kesho upike wewe, bwana wangu, na Mungu akubariki."

Dani akasema amina!

Mama Mumbi akapiga simu. Dani akapokea kwa kunong'ona. "Mama, uko hospitali?" "Hapana. Niko na chungu." Mama Mumbi akasema, naye sasa ananong'ona, kwamba atakuja kukiona Jumatano ijayo.

Alhamisi, 6 Februari 2025

Ufa! Kwenye mdomo wa chungu, mrefu kama kidole changu!

Ni mimi. Nilikuwa nanyunyizia tumbo tu, mdomo nikauachia upepo. Mdomo ukakauka na kunywea, tumbo likabaki bichi. Huku kunavuta, kule hakutaki kufuata. Lazima kipasuke.

Dani akatugeukia sote. "Nani amegombana hapa?"

Anko akaangalia kuku. Auntie akainamisha kichwa. "Ni mimi, Mama. Niligombana moyoni." Anko akamtazama, akakohoa. "Hata mimi. Moyoni."

Basi Dani amepiga marufuku hata ya moyoni. Mimi nikaenda kuwapa kuku maji. Kunyamaza najua.

Jioni akanionyesha kuziba. Nilikuwa nimeshachota udongo laini, akanipiga mkono. "Huo ukikauka utanywea, utoke kama jino bovu." Tukasaga vipande vikavu vya udongo uleule, tukachanganya na unga wa vigae vya chungu cha zamani, maji kidogo tu. Nikaufungua ufa kwa mwiba mpaka mwisho wake. "Usiuonee huruma," alisema. "Ukiufunika juu juu, unakungoja motoni." Nikalowesha kingo, nikasindilia, nikakandamiza kwa jiwe laini, ndani na nje. Mdomo nao sasa umevaa kitambaa chenye maji, ukauke pamoja na tumbo.

Ukauke! Ningecheka kama nisingekuwa na hofu.

Jumamosi, 8 Februari 2025

Wamezidiwa. Wameenda kugombana barabarani, karibu na miwa. Nilitumwa kuwaita chakula nikajionea. Vijana wa boda walikuwa wamesimamisha pikipiki kusikiliza, na mmoja alikuwa anamsaidia Auntie hoja. "Mwambie na ile ya radio, mama!"

Anko akawaka — lakini kwa yule kijana. "Wewe unamfundisha mke wangu kugombana? Anajua kuliko wewe!"

Auntie akacheka mpaka akashika mti.

Wakarudi na hindi moja la kuchoma, wamelivunja katikati.

Baadaye jirani, Mzee Ouma, akaingia na kofia mkononi. Boma limekuwa kimya wiki nzima, amekuja kutoa pole. "Ni nani amelala?" Dani akamwambia hakuna aliyekufa. Hakuamini. Akakaa nasi mpaka chai, akituhesabu kwa macho.

Jumatatu, 10 Februari 2025

Dani ana wasiwasi. Jua hili la Februari limepasua hata njia ya kisimani, na chungu bado kinatoa jasho! Anakigonga, kinasema pu. Leo amekiombea, mkono juu ya gunia. Nilitaka kusema. Nikashika ufagio, nikafagia.

Lakini kuna jambo. Leo niliogopa, sikukinyunyizia. Na kilikuwa kimelowa chepechepe. Chini ya mdomo kuna alama ya kidole, na alama ya pete.

Pete ni ya Auntie. Begi lake bado liko mlangoni. Kuku ametaga juu yake.

Jumatano, 12 Februari 2025

Naandika kwa mkono mmoja, daftari gotini. Mgongo wangu umeegemezwa kwenye chungu. Nikisogea kinaanguka.

Alfajiri nilimkuta Auntie amepiga magoti na kikombe. Tukatazamana. "Awuor, usiniuze," alinong'ona. Kabla sijajibu, tumbo la chungu likaanza kushuka, pole pole, kama mzee anayetafuta kiti. Nikalikinga kwa mgongo. Yeye akakumbatia upande wa pili.

Halafu Anko. Miguu mitupu, anatembea kwa vidole, na jagi. Jagi zima!

"Mnafanya nini?"

"Na wewe?"

Akaliweka jagi chini. Akaja, akazungusha mikono yake juu ya mikono ya Auntie. Auntie anasema mikono yake ni baridi. Anko anasema ni maji. Hakuna anayegombana. Udongo unashuka ndani ya shati langu. Ule ufa niliouziba umeshika vizuri sana, ndio pekee ulio imara.

Dani amekohoa. Anavuta komeo la mlango. Simu yake inalia, lazima ni Mama Mumbi.

Daftari langu, wewe tu ndiwe unayejua vikombe vyote vilianza na cha nani. Usiseme. Wakikufungua, sema ni upepo