Nati ya Upande wa Kushoto

Jumatatu, 5 Mei 1997

Magunia ya sukari ghalani tangu asubuhi. Mgongo umekufa. Jioni chini ya gari la Saidi tena, hapa uani kwetu, mtaa wa Buyenzi. Gari kuukuu, miguu ya mbele inacheza kama meno ya mzee. Nati zimeliwa na kutu. Tumezimwagia dizeli, tumeziacha zinywe mpaka kesho.

Saidi ni fundi, anakaa nyumba ya mbele. Mimi mpangaji wa chumba cha nyuma, mwaka wa nne huu. Anahamishia mke na watoto kwa wakwe zake Kigoma, ng'ambo ya mpaka, wakae mbali na risasi za vita. Kiti cha mbele ni changu. Ndiyo makubaliano: mimi nampa nguvu zangu, yeye ananipa kiti. Mama yuko Kigoma, hainuki tena kitandani. Meli hazitembei tangu nchi iwekewe vikwazo. Njia yangu ni gari hili.

Jumatano, 7 Mei

Rotili imegoma. Ndicho kifundo kinachoshika gurudumu. Nimening'inia mwili mzima kwenye spana, ikateleza, ngozi ya vidole imebaki kwenye chuma. Saidi akacheka. "We unasukuma kama unapakia gunia, sha. Chuma apana gunia."

Akanionyesha. Nati ilegezwe lakini isitolewe. Halafu nyundo mbili, moja huku, moja kule, zigonge kwa pamoja jicho la mkono wa chuma, lile tundu rotili ilimokaa. Tukagonga. Ikalia pah, ikaachia. Mkewe akatuletea chai na vitumbua. Leo nimefurahi. Nimejiona mtu wa nyumba hii.

Ijumaa, 9 Mei

Rotili nyingine zimeingia. Saidi amefunga kulia, akatoka na mfanyabiashara mmoja. Mimi kushoto. Spana kubwa ni ya Mzee Hamisi, jirani. Aliijia kabla sijakaza. Nati ya kushoto nimeizungusha kwa vidole tu, pini yake, ile inayoizuia isifunguke, nimeitia mfukoni mwa shati. Nitamalizia kesho. Saidi alisema msafara wa magari, ule unaolindwa na wanajeshi, unaondoka Jumapili.

Mzigo nimefunga. Kitenge cha mama, sabuni, basi.

Jumamosi, 10 Mei

Nimeamka, ua mtupu. Matofali tu na alama za magurudumu.

Msafara ni leo. Saidi alijua. Alinidanganya siku.

Mzee Hamisi aliwaona wakitoka alfajiri. Kiti cha mbele kakaa yule mfanyabiashara. Amekuja na madumu ya petroli, na petroli mjini haipatikani. Nimebadilishwa na dumu.

Nikagusa mfuko wa shati. Pini.

Nilikaa juu ya tofali. Nilisema moyoni, waende hivyo hivyo. Gurudumu lichomoke huko njiani, Rumonge, aone. Halafu nikakumbuka watoto wake wawili kwenye kiti cha nyuma. Angeniuliza jana kama nimekaza, ningemwambia. Lakini anayetoroka haulizi.

Nikaomba spana, nikakimbia. Magari yalikuwa yamepangwa kusini ya mji, yakingoja wanajeshi. Saidi aliponiona akainamisha uso. "Ndugu yangu, gari imejaa. Mi nitarudi kukuchukua, wallahi."

Nikamwambia akate usukani. Nikalala kwenye vumbi, nikakaza mpaka nati ikakataa kwenda mbele. Nikatia pini, nikaikunja masikio isichomoke. Juu yangu nikasikia mfanyabiashara anauliza, "Huyu nani?"

Saidi akajibu, "Kibarua wangu."

Mkewe alikuwa anatazama upande wa pili. Wanajeshi wakapiga honi. Sikungoja waondoke.

Namchukia. Naandika hapa ili nisijidanganye baadaye.

Jumapili, 11 Mei

Sikutoka chumbani.

Jumanne, 13 Mei

Magunia ya simenti leo. Mzee Hamisi kasikia msikitini kwamba msafara ulifika, magari yote. Nimesema alhamdulillahi. Habari za mama hakuna aliyeleta.

Spana nimeifuta kutu, nimeipaka dizeli, nimeirudisha kwa mwenyewe. Nimefagia ua. Matofali nimeyapanga ukutani. Kitenge bado kimo ndani ya mzigo, sijaufungua.

Vidole vimeanza kuota ngozi.