Tulipiga Hodi Kwenye Nyumba Isiyo na Mtu, Tukaitikiwa

Anti Coletha, shikamoo. Pole na kazi ya kusoma matatizo ya watu kila wiki. Naomba unisaidie, na naomba usicheke kabla hujafika mwisho, maana kila ninayemweleza habari hii anacheka katikati, na mimi mwenyewe huwa wa kwanza kucheka, na hicho kicheko ndicho kilichoniletea shida.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja, Najma, anayetembea kwa kushika ukuta. Tunakaa Maisaka, hapa Babati. Shule niliishia darasa la saba kwa hiyo nikikosea kuandika utanyoosha mwenyewe. Mume wangu Feisal ana kirikuu, ile gari ndogo ya mizigo, anapeleka magodoro madukani, na Jumapili gari haina mzigo. Wenzetu Jumapili wanaenda kula chipsi kando ya ziwa. Sisi tunaenda kutafuta majengo yaliyoachwa.

Usinishangae, ilianza bila kupanga. Nilikuwa na mimba ya Najma, tukiwa njiani nikamwomba Feisal asimame nijisaidie, nikazunguka nyuma ya ukuta mmoja, kumbe ni kiwanda cha zamani cha kuchambua pamba, nikachungulia dirishani nikaona mashine kubwa zimejilaza kama ng'ombe mchana, na pamba kidogo bado imenasa kwenye waya huko juu, mara popo wakaruka wote kwa pamoja, nikarudi mbio kwenye gari na tumbo langu nikipiga kelele, Feisal akauliza kuna nini, nikamwambia njoo uone. Akaja, na yeye akashtuka hivyohivyo, tukacheka mpaka tukakaa chini kwenye nyasi. Tangu siku hiyo tukawa na ugonjwa. Tumeshaenda kwenye kambi waliyoiacha wajenzi wa barabara, vyumba vimepangwa mstari mrefu, milango inajifungua yenyewe kwa upepo, na kwenye kila mlango wameacha mabuti ya mvua kana kwamba wenyewe wako ndani wamelala. Tumeenda kwenye hoteli moja ambayo haikuisha kujengwa, karibu na ziwa, tukakuta kinyesi cha kiboko palepale mapokezi, Feisal akasimama nyuma ya kaunta akaniuliza, "Dada, unataka chumba cha mtu mmoja au wawili?" Nikamwambia, "Cha watatu, na huyo mgeni wenu mwenye tumbo kubwa ahamishiwe jengo lingine."

Anti, wiki nzima mimi ni uji, nepi na ndoo za maji. Silalamiki, mtoto wangu nampenda mpaka naogopa. Lakini nikiingia kwenye jengo lenye giza moyo unadunda hadi nausikia masikioni, mkono wa Feisal unalowa jasho ndani ya mkono wangu, halafu tukitoka nje juani najiona kama nimeolewa jana.

Sasa mwezi uliopita tukaenda upande wa Magugu, kuna nyumba ya mlowezi aliyeondoka zamani, shamba limegeuka pori. Gari tuliiacha barabarani kwa sababu njia imeota vichaka. Nyumba kubwa, paa limeanguka nusu, bafuni mti umeota ndani ya beseni la kuogea umetokea dirishani. Najma nilikuwa nimembeba mgongoni. Mimi nimelelewa kwamba hata nyumba ya mdogo wako wa tumbo moja huingii bila hodi, kwa hiyo tulipofika mlangoni nikapiga hodi. Feisal akanicheka, "Unampigia hodi nani, popo?" Nikamwambia adabu haiangalii kama mwenyewe yupo. Nikasema tena hodi wenyewe, kimya. Nikaingia kidogo nikasema hodi jamani, na kutoka huko ndani kabisa kwenye giza sauti ikajibu taratibu, "Karibuni."

Feisal hakuwepo tena. Sijui nikuelezeje, hata kugeuka sikumwona akigeuka, nilichoona ni kandambili yake moja imebaki mlangoni. Na mimi nilitaka kukimbia, sitajifanya jasiri, ila ubao wa sakafu ulikuwa umeoza, mguu ukazama mpaka gotini, nikawa nimekwama pale, na Najma mgongoni anapiga makofi anafikiri ni mchezo.

Akatokea mwanamke wa Kimasai, kijana kama mimi, na mtoto mchanga ananyonya. Akaniangalia, akauangalia mguu wangu, akasema, "Wewe umepiga hodi, mimi nimesema karibu. Sasa mwanaume anakimbia nini?" Anaitwa Namunyak, yeye na mume wake Kores wametoka Simanjiro na ng'ombe wakifuata majani, wakaona chumba kimoja bado kina paa wakajisitiri. Alinivuta nikatoka, akaniosha kidonda, akanipa chai ya maziwa matupu, tukakaa tunalinganisha meno ya watoto.

Tukiwa kikombe cha pili nikasikia watu nje. Feisal alikuwa amefika kwenye gari, akaita sisikii, akaendesha mpaka kijijini akarudi na wanaume watano wenye fimbo. Wale walipofika uani wakasema wao humo ndani hawaingii. Feisal akaingia peke yake, mguu mmoja peku, ameshika spana ya magurudumu, anasoma dua kwa sauti inayotetemeka, akanikuta nakunywa chai. Namunyak akamwambia na yeye karibu chai. Akanywa akiwa amesimama, spana mkononi. Njia nzima ya kurudi tulicheka, na yeye alicheka, ikabidi asimamishe gari ajifute machozi.

Shida ikaja baadaye. Tulienda Bagara kwa mama mkwe kupukuchua mbaazi, ukoo wote upo, nikaombwa hadithi. Nikaisimulia. Nikaiigiza na kandambili moja mguuni, hodi, karibuni, na mbio zenyewe, watu wakamwaga mbaazi kwa kucheka, na nikaishia hapohapo kwenye kandambili maana hakuna aliyekuwa anasikia tena. Shemeji yangu Mujahid akasema, "Kwa hiyo kaka, mtoto ulimwachia nani amlee, popo?" Wakacheka upya. Mama mkwe akajifuta macho akasema, "Marehemu baba yenu angekimbia na mtoto kwanza, mke angefuata mwenyewe." Feisal alicheka kwa midomo tu.

Sasa hivi stendi nzima wanamwita Kandambili Moja. Akishusha magodoro wanamwuliza leo umevaa zote? Jumapili zote anaosha gari tu, anaosha gari ambayo ni safi. Na kinachoniuma, Anti, hambebi tena Najma. Nikimpa ananiambia mlaze. Juzi nilikuwa nachambua mchele nikamwambia mchukue mwanao mkanunue sukari hapo dukani, akasema, "Mpe Mujahid, mimi naweza kumwacha njiani." Alisema kama utani lakini hakunitazama. Najma akimsikia anaingia ananyoosha mikono, na yeye anakwenda kunawa uso.

Mama mkwe anasema ni jini la ile nyumba limemfuata mwanawe, matembezi yakome. Na mimi nilikuwa nasubiri safari kubwa, kwa sababu siku ile Kores aliporudi na ng'ombe alitueleza huko Simanjiro kuna kambi ya madini iliyoachwa, mtaa mzima wa nyumba hauna mtu, ukiongea ukutani sauti inarudi, ni safari ya kulala njiani, na nilikuwa nimeshafikiria mpaka chapati nitakazofunga. Je, niachane na mambo haya nitulie nyumbani kama wenzangu? Au niwaambie watu ile hadithi niliitunga? Mimi nataka mume wangu acheke tena na abebe mtoto wake. Na Simanjiro pia, kama inawezekana.

Mama Najma,
Maisaka, Babati

ANTI COLETHA ANAJIBU

Marahaba, Mama Najma. Umeniomba nisicheke kabla ya mwisho na nimeshindwa, nilianza kwenye kinyesi cha kiboko. Lakini nilipofika kwenye mikono ya Najma iliyonyooshwa na baba anakwenda kunawa uso, nikaiweka barua chini kidogo.

Tulimalize la jini kwanza. Jini gani hilo lenye maziwa na mtoto mchanga? Mwambie mama mkwe, kwa heshima zake zote, kwamba nyumba ile ina wapangaji na wapangaji wale wana adabu kuliko ukoo wako siku ya mbaazi. Kilichompata mumeo kilimpata Bagara, mchana kweupe, na aliyekipeleka pale ni wewe. Hukuwa na nia mbaya, najua. Ulitaka kuwachekesha watu. Ila uliichukua hadithi ya watu wawili ukaikata katikati, ukawapa wenzako nusu ya mbio, nusu ya kurudi ukabaki nayo mwenyewe.

Isome tena barua yako. Mume wako alikimbia, ndiyo. Mwili ukishtuka hauombi ruhusa, na wewe umekiri kwamba usingekwama kwenye ubao ungempita njiani. Lakini sikiliza kilichofuata. Mtu yule alijua kuna kitu kinaongea ndani ya nyumba ile. Hakujua habari za Namunyak, hakujua habari za chai. Wanaume watano wenye viatu na fimbo walimwambia sisi hatuingii. Akaingia, mguu mmoja peku, anatetemeka, kwa sababu nyinyi wawili mlikuwa humo. Mama Najma, kukimbia kila mtu anakimbia. Wewe unawajua wangapi wanaorudi?

Na katika barua yako ndefu hivi sikuona mahali popote ulipomwambia haya. Umenieleza chai, umenieleza meno ya watoto, umenieleza spana. Ulijisikiaje alipotokea mlangoni? Mimi usinijibu. Mjibu yeye, leo, mkiwa wawili, na usianze na pole. Pole ya mwanamke kwa mwanaume aliyechekwa ni kama kumwekea chumvi kwenye kidonda. Mweleze tu ulichokiona kikiingia mlango ule.

Usiwaambie watu kwamba ulitunga. Uongo ule utamfanya aonekane mtu wa kufichwa. Rudi Bagara, mbaazi bado zipo, kaa na kina mama kama kawaida, na wakikutania juu ya kandambili endelea na hadithi palepale ulipoishia. Simulia kwa vituko vyako vilevile, maana naona kipaji unacho. Waigize wale watano wa uani wanavyosukumana nani atangulie. Iigize dua inayotetemeka, wacheke sana, kisha waambie aliyeisoma alikuwa wapi na wenye fimbo walikuwa wapi. Halafu mgeukie shemeji Mujahid, kwa upole na tabasamu, umwulize yeye angekuwa wa pili ndani au wa sita uani. Nyamaza, endelea kupukuchua. Stendi watapata habari kabla hujafika Maisaka, Mujahid mwenyewe ataipeleka.

Sasa ngoja nikugombeze, maana nimejizuia muda mrefu. Unaingia na mtoto mgongoni kwenye nyumba yenye sakafu iliyooza na paa lililoanguka nusu, halafu unaogopa sauti? Wewe mama, ungeogopa ule ubao. Ungezama kiuno badala ya goti, leo tusingekuwa tunacheka na Mujahid. Na hoteli ya kiboko ndiyo usirudi kabisa, kiboko hajui kama yuko mapokezi.

Kuachana na matembezi, hapana. Wanawake wengi wananiandikia kwamba hawakumbuki mara ya mwisho mume aliwashika mkono, na wewe unaniuliza kama uache kulowa jasho la furaha kila Jumapili. Nendeni Simanjiro. Mwambie mama mkwe mnakwenda wapi na mnarudi lini, hata akinuna. Mkifika huko mwoneni kwanza mwenyekiti wa kitongoji, mwombeni mtu anayepajua, kwa sababu kambi ya madini ina mashimo na mengine yameota nyasi juu. Viatu vya kufunga, si kandambili, na hili nalisema bila utani. Kwenye mtaa ule mnatembea mchana tu.

Na ndani ya jengo mtoto haingii, mpaka awe na akili ya kukataa mwenyewe. Mmoja anaingia, mwingine anabaki nje na Najma. Mtabadilishana, ila zamu ya kwanza iwe yako. Usimwulize Feisal kama anaweza na usimbembeleze, wewe umevaa viatu, unakwenda kuangalia nyumba, ni jambo la kawaida. Mfunge Najma mgongoni kwa baba yake kwa kanga yako, ukaze fundo kwa mikono yako, kisha uingie ndani bila kugeuka kuwatazama.