Ufuta wa Siku Uliyozaliwa

Sefru, Ijumaa, mwezi wa Shaabani

Mdogo wangu mpenzi Nuzha,

Kosa wanalofanya watu wengi wanapomwandikia mwanamke mwenye mimba ya kwanza ni kuuliza habari za tumbo na kumsahau mwenye tumbo. Mtoto anachezaje, miguu imevimba, umetamani nini: maswali yote yanaishia kitovuni. Basi mimi naanza juu. Hujambo wewe mwenyewe? Unalala? Unacheka? Ule upepo wa Tanja bado unakuumiza kichwa, au mmeshazoeana? Baada ya hapo ndipo namsalimu mdogo aliyemo ndani, na mumeo Anuar, na mama mkwe wako, ambaye natumaini goti lake limepata nafuu.

Sisi huku ni wazima, alhamdulillahi. Shemeji yako Driss amejaza dari yote kwa makopo ya mnanaa, na kila jirani akipita anapewa fungu, atake asitake. Micheri imeanza kutoa maua. Nyumba ya Mama nimeipaka chokaa upya, na mlango nimeurudishia rangi yake ya buluu. Nilipokuwa nikisafisha jiko nilikitoa kile kinu cha shaba, nikakisugua kwa ndimu na chumvi mpaka kikang'aa. Nilikaa nacho mapajani muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji. Ndicho kilichonifanya nichukue kalamu badala ya simu, kwa sababu kwenye simu ungenikatiza, na hili nataka ulisikie mpaka mwisho.

Kwanza, usimkasirikie Anuar. Alinipigia juzi, akaanza kwa mzaha kama kawaida yake, kwamba eti mkewe amegeuka mwalimu mkuu, kila kitu kinapangiwa tarehe. Halafu mzaha ukamkauka. Akanieleza kuwa mlikwenda kliniki, daktari akasema mtoto amegeuka vizuri, kichwa kiko chini, wewe una nguvu, hakuna sababu ya kukupasua. Na wewe, ambaye miezi yote hii ulikuwa ukisema unataka kuzaa kwa njia ya kawaida, ukamwomba akupangie upasuaji. Daktari akakwambia uende ukafikirie, urudi Jumatatu. Mlipofika kwenye gari ukalia, ukamwambia Anuar kuwa huogopi maumivu, unaogopa kupiga makelele. Ukasema: "Mama yangu alinizaa bila kutoa hata mguno, mtaa mzima unajua. Mimi kung'olewa jino tu nilipiga ukelele. Nitamwaibisha."

Mdogo wangu, kama ungeniambia unaogopa kisu, au unaogopa damu, ningekupa maelezo na kunyamaza. Kama daktari angeona hatari akashauri upasuaji, ningekwambia nenda leo leo, na asikuambie mtu kuwa aliyepasuliwa hakuzaa. Lakini kukatwa mwili usio na kasoro kwa sababu ya sifa ya marehemu, hapana. Hilo sikubali, na mwenye sifa mwenyewe asingekubali.

Unanijua, miaka thelathini nimefundisha elimu ya viumbe, siwezi kuacha kueleza. Vumilia kidogo. Mfuko wa uzazi ni msuli. Unafanya kazi kwa vipindi: unakaza, unapumzika, unakaza tena, na kila ukikaza unafungua mlango wake kidogo. Hiyo kazi inajua kujifanya yenyewe. Yako wewe ni kutoizuia. Mwoga hubana meno, hupandisha mabega, huzuia pumzi, na mwili uliobanwa juu hubanwa na chini. Ndiyo maana mkunga wako Sumaya anakufundisha kulegeza taya na kutoa pumzi polepole, kama unayepoza chai kwenye glasi. Tembea jioni, hata ngazi za mtaa wenu zile zinatosha. Keti chini ukiinama mbele kama unayekanda unga, mtoto apate nafasi. Anuar afundishwe kukusugua kiuno kwa kiganja, na asugue kwa nguvu, siyo kama anayempapasa paka. Hamamu nenda, ila chumba cha uvuguvugu tu, na mwenzako awepo. Yote haya unayafanya vizuri, Sumaya mwenyewe kamwambia Anuar. Umejiandaa kila mahali isipokuwa kooni.

Sasa nikurudishe kwenye ile siku.

Ilikuwa Shaabani kama sasa, lakini Shaabani ile iliangukia msimu wa cheri zilizoiva. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimerudi likizo kutoka chuo cha ualimu Fesi, najiona nimesoma kuliko wote. Mama alikuwa amekaribia arobaini na hakutegemea tena mtoto. Asubuhi alikuwa akichagua ufuta kwa ajili ya selu, ule unga mtamu wa Ramadhani, akasimama, akashika ukuta, akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa niende nikamwambie Lalla Hniya mkunga kwamba chai iko tayari. Nikasema chai sijaiweka. Akanitazama. Nikakimbia.

Unajua desturi yetu: uchungu ukianza hakuna anayeambiwa, kwa sababu husemwa kuwa kila anayejua anauongezea urefu. Kaka zetu wakapelekwa kwa shangazi kuchuma cheri. Baba akatumwa sokoni kununua kuku, akaambiwa achague kwa makini sana na asiharakishe. Lalla Hniya akaja na kapu lake chini ya jalaba, akimsalimia kila mtu njiani, akilalamikia bei ya sukari, kama mgeni wa kawaida. Mlango ukafungwa. Ukabaki ukuta mmoja tu kati yetu na Lalla Tahra, na ukuta ule unaujua, hata mtu akipiga chafya upande wa pili unamwombea afya.

Mama akanionyesha kinu kwa kidole. Kila nyumba Shaabani inatwanga ufuta na lozi, nani angeshangaa? Nikaketi mlangoni pa chumba, nikaweka kinu katikati ya magoti, na maumivu yakija Lalla Hniya alikuwa akiniashiria kwa nyusi. "Twanga, binti," aliniambia, "twanga kama unamtwanga mama mkwe wako wa kesho." Nikatwanga. Shaba ilipiga kelele ua mzima, mpaka njiwa wakahama darini.

Na nyuma ya kelele ile, Nuzha, Mama alikuwa akinguruma.

Ndiyo. Soma tena kama hujaamini. Mama yetu, ambaye hakutoa hata mguno, alilia, akaapa, akatukana. Alimtaja Baba kwa jina lake kamili na jina la babu yake, akasema: "Jilali, wallahi hunisogelei tena, utalala darini na kuku!" Lalla Hniya akacheka, akamjibu: "Wote mnasema hivyo, bibi, halafu mwakani mnaniita tena." Hata Mama akacheka, akiwa na machozi mashavuni, mpaka uchungu uliofuata ukamkatiza.

Baadaye kicheko kiliisha. Alianza kumwita mama yake, bibi yetu ambaye alikuwa amefariki zamani. Sauti ikapanda juu, ikawa nyembamba. Nilidhani namwona akienda. Lalla Hniya hakubabaika. Alimshika mashavu kwa mikono miwili, akamwambia: "Rqia, nitazame. Sauti hiyo iko kooni, ya hofu hiyo. Ishushe. Itoe tumboni, nzito, kama ng'ombe. Mimi nakusikia, sina haraka." Akatangulia yeye mwenyewe kuguna, mama mtu mzima, mkunga wa mtaa mzima, anaguna kama ng'ombe wa Bin Hadu muuza maziwa. Mama akamfuata. Sauti ikashuka. Niliona kwa macho yangu mabega yake yakilegea.

Wakati wa kusukuma ulipofika, Lalla Hniya akaniita nikae nyuma ya Mama, mgongo wake ulalie kifua changu. Nikaacha kinu. Mama akageuza kichwa, jasho likimtiririka, akaniamuru nirudi nitwange. Lalla Hniya akasema hawezi kuzaa akiegemea kinu. Hivyo nikakaa, nikamkumbatia kwa chini ya makwapa, na nyumba ikawa kimya kabisa, hakuna shaba, hakuna kitu. Nikamsikia Mama akibana meno. Alikuwa akiizuia sauti. Mwili wake wote ukawa mgumu kama mlango, na Lalla Hniya kwa mara ya kwanza akakunja uso.

Hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo sijawahi kukwambia.

Upande wa pili wa ukuta, kinu cha Lalla Tahra kilianza kulia. Kwanza polepole, kama mtu anayeuliza. Halafu kwa nguvu. Kisha kikaitikia kingine, nyumba ya pembeni, halafu kingine ng'ambo ya njia, mpaka mtaa mzima ukawa unatwanga kwa pamoja, na glasi zikawa zinatetemeka kwenye sinia. Walijua. Walikuwa wakijua tangu asubuhi. Walikuwa wamemsikia kila alipolia, na hakuna aliyegonga mlango, hakuna aliyeuliza. Kinu chetu kiliponyamaza, wakapokea wao.

Mama alisikiliza. Nilihisi kifuani kwangu jinsi mgongo wake ulivyolainika. Akafungua mdomo, akatoa sauti ambayo sijaisikia tena maishani, ndefu, nzito, kutoka chini kabisa, na katika sauti hiyo wewe ukatoka.

Lalla Hniya akapiga kigelegele kifupi, na vinu vyote vikanyamaza mara moja. Baba akarudi na kuku wake mkononi, akauliza mbona mtaa umekuwa na bidii hivyo, au Ramadhani imeandama mapema? Mama alikuwa amekuweka kifuani, anakunusa kichwani, anacheka peke yake.

Siku ya saba, nyumba imejaa wageni, ni Lalla Tahra mwenyewe aliyesimama katikati ya ua na sahani ya selu akatangaza: "Wanawake, semeni mashaallah! Rqia hakutoa hata mguno! Mimi niko ukutani, ningesikia!" Wote wakaitikia mashaallah. Nikawatazama mmoja mmoja. Kila mmoja alikuwa ameinamia glasi yake ya chai. Na Mama akapokea sifa ile kwa adabu, kama mtu anayepokea shali aliyofumiwa na majirani. Tangu hapo, kila Shaabani, sahani ya kwanza ya selu ya nyumba yetu ilikwenda kwa Tahra, na ya kwanza ya kwake ilikuja kwetu. Wewe ndiye uliyekuwa ukitumwa kuipeleka. Hukuwahi kuuliza kwa nini ya kwanza.

Mama aliniomba nimwachie sifa ile maisha yake yote. Aliipenda, usimcheke. Aliniambia, "Nikiondoka ni yako, itumie utakavyo." Leo naitumia. Mimi nilipokwenda kumzaa Salma sikuogopa sauti yangu, kwa kuwa niliwahi kuisikia ya Mama. Nililia hospitali nzima ikanijua, na nesi mmoja bado akiniona sokoni ananiuliza kama koo limepona. Wewe ulirithi sifa tu, ukaibeba miaka yote hii ukidhani ni mzigo wa ukoo. Ipumzishe. Umwaibishe nani? Sauti ya kwanza uliyoisikia duniani ni ya mama yako akilia kwa ajili yako, na mtaa mzima ulishiriki kuificha kwa mapenzi, si kwa aibu.

Jana nilikwenda kwa Lalla Tahra kumwomba ruhusa, maana siri ni yake pia. Amezeeka, haoni vizuri, lakini ulimi mzima. Aliposikia unavyoogopa alicheka mpaka nikampa maji. Anakusalimu sana, na anasema nikuambie: kinu chake bado kipo, ila mikono haina nguvu tena, kwa hiyo safari hii itabidi upige kelele zako mwenyewe.

Nitafika Tanja kwa treni wiki ijayo, nikae nawe mpaka mtoto aje, nikupikie kuku wa uwatu na nikae nyuma ya mgongo wako kama nilivyokaa nyuma ya Mama. Selu nitakuja nayo. Kinu nitakiacha hapa, makusudi. Driss anakusalimu na fungu la mnanaa, Salma anakubusu, na Anuar mwambie aanze mazoezi ya kiganja. Mungu akufungulie kwa wepesi, wewe na huyo mdogo.

Ni mimi dada yako, ambaye ulizaliwa kifuani pake,

Zhor

Ukimaliza kusoma, usisubiri Jumatatu. Mpigie simu Sumaya leo, umwambie kwa mdomo wako kwamba unaogopa kulia, na kwamba utalia.