Trekta Lililotanguliza Miguu

Jumatatu, 3 Septemba 1984

Siku ya tatu stoo. Vumbi, kinyesi cha popo, na yale maboksi manne ya vifaa vya sauti. Leo nimemaliza kutafsiri kitabu cha maelekezo, kurasa kumi na mbili, nyuma ya daftari langu la Fizikia. Kikuza sauti kimoja cha volti kumi na mbili, spika mbili za honi, vipaza sauti viwili, nyaya. Vyote ni vya mahafali ya Kidato cha Nne, Jumamosi ya wiki ijayo. Jenereta ya shule ilikufa tangu masika, kwa hiyo tutatumia betri ya trekta. Mwalimu Lugembe wa Fizikia amesema nitaunganisha mimi, yeye atasimama pembeni tu.

Tunaosoma Fizikia Kidato cha Tatu ni wasichana wanne. Mama Mkuu wa shule anataka mwakani tuhamie wote Sayansikimu. Anasema Fizikia inakula vifaa na haileti maksi. Mwalimu anasema akituona tukifanya kazi hii mbele ya wageni atabadili mawazo. Naamini.

Jumanne, 4 Septemba

Nyaya zimepita juu ya kenchi za bwalo. Nilipanda ngazi mwenyewe, kaptura ya michezo chini ya sketi. Rafiki yangu Zainabu alishika ngazi huku akisoma dua kwa sauti. Si kwa ajili yangu, alisema, ni ili nisimwangukie yeye. Kila ncha ya waya nimeibandikia karatasi: chanya, hasi, spika ya kushoto, spika ya kulia. Mwandiko wangu bora. Imebaki betri tu. Mzee Masanja, dereva wa trekta, yuko msibani kwao Mwakitolyo, ila trekta ameliacha limeegeshwa chini ya dirisha la bwalo.

Alhamisi, 6 Septemba

Nina hasira hata kalamu inatoboa karatasi. Niandike kwa mpangilio.

Saa nne Mama Mkuu alikuja na Fundi Seifu kutoka Kahama mjini. Mgeni rasmi ni mtu mkubwa, alisema, si wa kujifunzia kazi. Fundi akatazama karatasi zangu akacheka. "Nani huyu kavalisha nyaya hirizi?" Nikasema ni mimi. "Basi umemaliza, binti. Nenda kashike mwiko." Mama Mkuu naye akacheka, akarudi ofisini. Mwalimu Lugembe alikuwa darasani.

Sikuondoka. Fundi alitoa nyaya mbili dirishani, mwekundu, ule wa chanya, akaufunga kwenye nguzo ya betri iliyo huru, mweusi akaubana kwenye bodi ya trekta. Nikamwambia hili trekta ni la zamani, chanya ndiyo imefungwa bodini, alama ya kujumlisha inaonekana pale kwenye betri. Ndiyo maana tunaliita Kashinje. Wasukuma humwita hivyo mtoto aliyezaliwa kwa kutanguliza miguu.

"Miaka ishirini nafunga umeme wa magari," alisema. "Bodi ni hasi. Mambo ya wakunga wa kwenu usiniletee."

Akawasha. Fyuzi ikakatika. Hakuwa na nyingine. Alichomoa karatasi ya kung'aa kwenye pakiti yake ya sigara, akaizungushia fyuzi iliyokufa, akairudisha. Nikamwambia usifanye hivyo. Nilisema "tafadhali" pia. Akawasha tena. Moshi. Harufu ya pembe iliyoungua. Akanyofoa nyaya kwa kitambaa, na kabla hata moshi haujaisha alikuwa ameshaitia ile karatasi mfukoni.

Mama Mkuu alipofika fundi alisema, "Watoto walishachezea hizi nyaya kabla sijaja. Tazama makaratasi haya." Mama Mkuu akauliza mwandiko ni wa nani.

Ni wangu.

Ijumaa, 7 Septemba

Kung'oa visiki wiki mbili, nyuma ya ofisi. Jina langu limekatwa kwenye orodha ya Fizikia, kwa wino mwekundu. Kuanzia Jumatatu naanza Sayansikimu. Wamebaki watatu, na Mama Mkuu amesema darasa la watatu si darasa.

Nilieleza habari za trekta ofisini. Nilieleza mara mbili. Alisema nisimjibu. Mwalimu Lugembe alikuwepo. Alikuwa amekitazama kikuza sauti, na anajua mimi sikuwahi kugusa betri. Alitazama viatu vyake. Anaogopa uhamisho, watu wanasema. Na mimi niogope nini?

Namchukia kuliko fundi. Fundi hakuniahidi kitu.

Jumapili, 9 Septemba

Kanisani padri alihubiri kusamehe. Sikusikiliza. Mikono imetoka malengelenge. Zainabu alikuja kunisaidia visiki bila kutumwa, akakatika kucha, akamlaani Fundi Seifu kwa Kiswahili cha Tabora, yeye na babu yake. Nilicheka. Halafu nikakasirika kwa kuwa nimecheka.

Jumanne, 11 Septemba

Mzee Masanja amerudi. Alinikuta na jembe. "Ng'wana wane, umeiba nini?" Mtoto wangu, ananiita, ingawa si ndugu. Nikamweleza yote. Alivua kofia akaingia ofisini. Dirisha lilikuwa wazi, nami nilikuwa chini yake na kisiki changu.

"Mama, fundi wako kakiunguza kile kikuza sauti bure. Hili jitu langu chanya yake iko bodini. Limetanguliza miguu. Ndiyo sababu ya kuitwa Kashinje."

Mama Mkuu kwao ni Moshi. Ana miaka mitatu hapa.

"Mimi nilidhani ni jina la mtu aliyetuuzia," alisema.

Akatoka na viatu vyake vya visigino mpaka kwenye trekta. Mzee akafuta matope kwenye betri kwa kidole. Mama Mkuu akaiangalia muda mrefu mno kwa alama ndogo kama ile. Kisha akaniita. Akauliza kwa nini sikumwambia.

"Nilikwambia, mama. Mara mbili."

Nilidhani atanipiga. Alisema nikaoge, kesho nikifungue kile kitu na mwalimu wangu. Kuhusu Fizikia hakusema neno.

Jumatano, 12 Septemba

Tumekifungua. Ndani kuna diodi moja mlangoni pa umeme, imewekwa ife ya kwanza mtu akikosea nyaya. Imekufa, nyeusi kama mbegu ya papai. Waya mmoja umeungua. Vingine vyote vizima. Tuliikata diodi, maana kinawaka hata bila hiyo, tukabadili waya, Mzee Masanja akatoa fyuzi halisi kwenye kopo lake la misumari. Kikawaka.

Mwalimu alisema, bila kuniangalia, "Minza, Ijumaa nilinyamaza."

Nikasema, "Ndiyo, mwalimu." Nikaendelea kukaza skrubu. Hakuna kingine alichosema, na mimi sikumsaidia kukitafuta.

Jumamosi, 15 Septemba

Mahafali. Niliunganisha saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mwekundu kwenye bodi, mweusi kwenye nguzo ile nyingine. Sauti ilifika mpaka barabara ya Runzewe, wauza mchele walisimamisha baiskeli. Mgeni rasmi aliuliza fundi katoka wapi. Mama Mkuu alisema kwenye kipaza sauti, "Katoka hapa hapa shuleni." Watu wote wakageuka kumtafuta mwanamume. Walimgeukia hata mpishi. Zainabu akanisukuma nisimame. Sikusimama. Jina hakulitaja, na mimi si wa kuokota sifa chini.

Nilikuwa na hasira sherehe nzima. Wali nilikula.

Jumatatu, 17 Septemba

Orodha mpya ubaoni. Fizikia, Kidato cha Tatu, itaendelea mwakani. Majina manne. Langu ni la mwisho, wino wa bluu. Hakuna aliyenieleza chochote.

Kipindi cha tatu nilikaa kwenye kiti changu karibu na dirisha. Mwalimu Lugembe alifundisha lenzi. Aliuliza swali, akanitazama. Nilijua jibu. Sikunyoosha mkono. Wengine nao walikaa kimya, akajibu mwenyewe, akafuta ubao polepole.

Akauliza la pili. Lilikuwa gumu zaidi.

Nikanyoosha.