Mkebe wa Muema

Mbithe, uko? Wuui, nimeaibika hapa college, sijui kesho nitaingia na uso gani.

Unajua ile oskileta ya Muema, kale kasakiti ka kutoa mawimbi ya redio? Si ni mimi humsaidia kuchagua vitu za kuiunda? Leo naingia lab, napata ameketi na Fathia, yule msichana mpya. Anamchagulia kapasita! Ati "chukua hii, joto haiisumbui," na Muema anaitikia tu kama ako kanisani.

Ati joto haiisumbui! Hiyo si ni mimi nilimfunza? MIMI.

Mwalimu akaja kupima. Namba kwa mita zilikuwa zimetulia kabisa. Nikainama nione ni kwa nini wameketi karibu hivyo, namba zikaruka. Nikasimama, zikatulia. Nikainama tena, si unanijua, zikaruka tena.

Mwalimu akasema mbele ya darasa yote, "Kavindu, ni mwili wako unaivuruga. Rudi nyuma."

Rudi nyuma, Mbithe! Wakacheka. Nikarudi mpaka mlangoni, namba zikatulia tuli, na hao wawili wakagotana ngumi.

Sasa sikia. Hiyo kitu ukiifunika na mkebe wa chuma, hata mtu akiikaribia haivurugiki. Jana Muema aliniomba nimtolee mmoja nyumbani, ule wa kakao.

Nilikuja nao. Hiyo saa yote ulikuwa kwa begi yangu, na bado uko.