Masizi ya Profesa

Mudogo wangu Furaha,

Ujue kwanza: mu familia yetu mutu wa bahati ni mimi. Wengine wakifika Ulaya wanaosha sahani. Mimi nilifika tu, profesa wa fizike akanishika mukono. Sasa niko assistant yake. Bila mimi, labo, chumba chake cha majaribio, haifunguke.

Maman anaendelea aje na mugongo? Na papa angali anabishana na redio pale Nyalukemba? Mimi mwili iko muzima, lakini situlii. Nakaa, nasimama, nafungua dirisha, baridi inanirudisha kitandani, nasimama tena.

Kazi yetu ni makala, makaa kama yale ya jikoni. Wewe uliyesoma utaelewa. Profesa anaichoma kwa umeme ndani ya chombo cha kioo mpaka inakuwa masizi. Mule mu masizi anatafuta vitu vidogo sana, kaboni sitini zimeshikana kama mupira wa miguu, katikati wazi. Macho hayavione. Ameanza akiwa kijana. Leo nywele zimekwisha, mipira haijamutosha.

Wiki iliyopita nilikuta chombo cheusi tititi. Si unajua maman: sufuria ya masizi ni haya ya nyumba nzima. Maji ya moto, sabuni, nikasugua mpaka kioo kikacheka. Profesa akaingia, akasimama.

“Nani ameosha?”

“Mimi, profesa. Usinishukuru.”

“Ilikuwa kazi yangu ya wiki tatu.”

Akaketi. Akauliza polepole: “Na wewe, jina lako nani?”

Hakunifukuza. Alibandika tu karatasi: *Usiguse kitu cheusi.* Basi hata kujikuna nisijikune!

Unisalimie tonton, mjomba wetu mushonaji wa Muhumba, na mama mudogo muuza samaki.

Hapa nilitaka kufunga. Lakini maman ameniambia masista wa Bagira wanakungojea ufundishe fizike kwao, na wewe unawazungusha kwa sababu ya nafasi niliyosema profesa amekuwekea. Lundi, jumatatu hii, watachukua mutu mwengine. Tangu nisikie habari hiyo, usingizi hakuna.

Furaha, mwaka mbili niko hapa, na ile siku ya masizi ndiyo ya kwanza profesa kuongea na mimi. Labo nafungua kweli, kwa sababu mufagiaji ndiye ana ufunguo. Dossier yako, makaratasi yote uliyonitumia nimupe profesa, iko chini ya kitanda yangu. Nafasi hakuna, haikukuwako hata siku moja.

Nenda Bagira mbele ya lundi. Nilidanganya.

Kaka yako,
Mugisho